Suruali za Kago: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kago ni suruali ipi hasa?

Ni suruali pana, yenye mguu ulionyooka au unaopungua kidogo kuelekea chini, na mifuko mikubwa miwili iliyoshonwa kwa nje kwenye mapaja, juu ya mshono wa ubavuni. Kila mfuko una kifuniko chake. Wengine huiita kombati kwa sababu asili yake ni jeshini. Ya kawaida ina mifuko sita: miwili ya mbele, miwili ya nyuma, na hiyo ya mapajani.

Kadeti ni kitu kingine: mifuko yake imefichwa ndani na suruali yenyewe hukaa karibu na mwili. Joga ina kiuno cha lastiki na mdomo wa mguu uliobanwa. Siku hizi kuna joga zilizoongezewa mifuko ya pajani, na mengi yaliyomo humu yanazihusu pia.

Shika jambo moja kabla ya kuendelea. Mfuko wa pajani ndio unaoamua karibu kila kitu kwenye suruali hii: upana wa mguu, unene wa kitambaa, kiasi unachoweza kufupisha, hata namna ya kuifua. Anayechagua kago kwa rangi na kuuacha mfuko bila kuukagua huishia na suruali ambayo mifuko yake haitumii.

Mifuko ya pajani ilianzia wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1930 jeshi la Uingereza lilianza kutumia sare ya Battledress. Suruali yake ilikuwa na mfuko mkubwa mbele ya paja la kushoto wa kuwekea ramani, na mwingine mdogo upande wa kulia, karibu na nyonga, wa kuwekea bandeji ya huduma ya kwanza. Mwaka 1942 wanajeshi wa miavuli wa Marekani walipata sare iliyobuniwa na William P. Yarborough, na hapo mifuko mikubwa ikakaa ubavuni mwa mapaja yote mawili. Aliyeruka kutoka kwenye ndege alibeba risasi, chakula na vifaa mwilini mwake, kwani akishatua hakuwa na uhakika wa kuupata mzigo mwingine.

Mwaka uliofuata Marekani ilitoa sare mpya, M1943, ambayo suruali yake haikuwa na mifuko ya pajani. Mafundi wa miavuli wakaishonea mifuko ya turubai, pamoja na tepe za kufunga kuzunguka paja ili mzigo usicheze. Tatizo hilo la mzigo kucheza ndilo linalosumbua wavaaji hadi leo, na tutalirudia. Sare ya kivita ya BDU iliyoanza kutumika katika jeshi la Marekani mwaka 1981 ndiyo iliyozoesha watu umbo la mifuko sita tunalolijua sasa. Raia walianza kuivaa kwa wingi kama nguo ya kawaida katika miaka ya 1990.

Nitajuaje kipimo changu?

Usitegemee namba ya kwenye lebo. Lebo ya 32 inamaanisha inchi 32, yaani sentimita 81, lakini kiuno chenyewe kikipimwa kwa futi ya kupimia nguo mara nyingi hukutwa kimezidi hapo. Njia ya uhakika ni kuchukua suruali unayoipenda inavyokukaa, kuilaza juu ya meza, kuinyoosha bila kuivuta, kisha kupima sehemu tano:

1. Kiuno: kutoka ukingo hadi ukingo, mara mbili.
2. Kimo cha mbele: kutoka pale mishono inapokutana kwenye msamba hadi juu ya kiuno. Kago nyingi huwa kati ya sentimita 27 na 31.
3. Paja: shuka sentimita 2.5 chini ya msamba, pima kwa upana, mara mbili.
4. Mdomo wa mguu, mara mbili.
5. Mshono wa ndani: kutoka msamba hadi chini.

Linganisha vipimo hivyo na vya suruali unayotaka kununua. Kwenye paja, kago inahitaji kuzidi mwili wako kwa sentimita 10 hadi 16. Paja lenye mzunguko wa sentimita 60 linataka suruali ya 70 hadi 76. Ikipungua hapo, kitambaa hukazika juu ya mfuko, na chochote utakachoweka ndani kitakuchoma mguuni kila unapokaa. Ikizidi sana, mfuko unakosa pa kuegemea na unaanza kubembea. Kwenye makalio, sentimita 8 hadi 12 za ziada zinatosha.

Mdomo wa mguu ni suala la ladha zaidi. Sentimita 32 hadi 38 ni mguu unaopungua, 40 hadi 46 ni ulionyooka, na 48 kwenda juu ni mpana kabisa.

Ukiijaribu, usiishie kusimama mbele ya kioo. Kaa kwenye kiti, chuchumaa, kisha weka mguu mmoja juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 40 hivi. Vifuniko vya mifuko vikiinuka na kujikunja ukiwa umekaa, paja ni jembamba. Kiuno cha nyuma kikishuka sana ukichuchumaa, kimo cha nyuma ni kifupi, na hilo hakuna fundi anayeweza kulirekebisha vizuri.

Mfuko unatakiwa ukae wapi kwenye paja?

Simama wima, mikono ikining'inia. Ncha za vidole vyako zifike kwenye kifuniko au zikipite kidogo, ili uweze kukifungua bila kuinama. Sehemu ya chini ya mfuko iishie walau sentimita 6 juu ya katikati ya goti. Mfuko ukishuka hadi gotini, kila hatua goti linapiga kilichomo.

Kwa upana, mshono wa ubavuni upite katikati ya mfuko, au mfuko usogee mbele kidogo, sentimita 1 au 2. Ulioegemea nyuma utaukalia. Hili husahaulika sana kwenye suruali za bei rahisi kwa sababu mfuko wa pajani ulioegemea nyuma hauonekani vibaya ukiwa umesimama. Kasoro inajitokeza ukikaa na funguo ndani.

Mfuko bapa na mfuko wa kutanuka vina tofauti gani?

Mfuko bapa ni kipande kimoja kilichoshonwa juu ya mguu. Unafaa kwa vitu vyembamba: simu, daftari dogo, tiketi. Ukiweka kitu kinene, nafasi yake inachukuliwa kutoka kwenye paja lako.

Mfuko wa rinda una mkunjo mmoja au miwili katikati. Rinda hufunguka mfuko ukijaa na kujifunga ukiwa mtupu. Unabeba vizuri, ila rinda lisilopigwa pasi hubaki limevimba.

Mfuko wa kutanuka una ukuta: utepe wa kitambaa wa sentimita 3 au 4 unaozunguka pembeni na chini, kama kuta za sanduku. Huu ndio unaobeba zaidi. Uliotengenezwa kwa akili una ukuta upande wa nyuma na chini tu, na ukingo wa mbele umeshonwa bapa mguuni. Hivyo unatanuka kuelekea nyuma na haunasi kwenye vitasa vya milango wala matawi unapopita. Kama unachagua kati ya suruali mbili zinazolingana kwa mengine yote, chukua yenye mfuko huu.

Angalia pia kama mfuko ni wa kweli. Kago nyingi za kike zina kifuniko kilichoshonwa juu ya mguu bila mfuko chini yake, au mfuko wa kina cha sentimita 8. Ingiza mkono wako. Simu nyingi zina urefu wa sentimita 15 hadi 17, kwa hiyo mfuko wenye kina cha chini ya 18 hautafunga kifuniko.

Naweza kubeba uzito gani?

Gramu 200 hadi 250 kwa kila mfuko hutazisikia sana. Hiyo ni simu moja, au chaja ya kubebeka ya ukubwa wa kawaida. Ukifika gramu 500, mfano chupa ya maji ya nusu lita, mzigo unaanza kukupiga. Paja linapokwenda mbele na kurudi, sehemu iliyo karibu na goti husafiri umbali mrefu kuliko iliyo karibu na nyonga. Kitu kizito kilicho chini ya mfuko huchelewa kulifuata paja, halafu hulipata na kuligonga. Ndiyo maana kitu kilekile kinachokusumbua kwenye mfuko wa pajani hukisikii kwenye mfuko wa kiunoni.

Gawanya uzito pande zote mbili. Kizito kiweke juu, mifuko ya mbele. Chepesi na kikubwa, kama glavu, kofia au leso, kiweke pajani. Ukilazimika kubeba gramu 400 kila upande, hizo ni gramu 800 juu ya uzito wa suruali yenyewe, na kiuno kitashuka. Vaa mkanda wenye upana wa sentimita 3.5 hadi 4 unaojaza vitanzi vyake. Mwembamba hujikunja na kukukata kiunoni.

Kwa simu inayocheza ndani ya mfuko mpana kuna tiba rahisi: gawa mfuko. Shona kipande cha kitambaa ndani, upana wa simu yako ukiongeza sentimita 2, kikiegemea ukingo wa nyuma wa mfuko. Simu itasimama wima na funguo hazitaikwaruza.

Vifungo, velkro au zipu?

Kifungo cha kawaida kinadumu, hakitoi sauti, na ukikipoteza unashona kingine kwa dakika tano. Kinachokera ni kukifungua kwa mkono mmoja. Tafuta kifuniko chenye vifungo viwili. Chenye kimoja katikati huacha pembe wazi na vitu vidogo hutoka ukiwa umekaa.

Kifungo cha kubonyeza ni chepesi kufungua, lakini kikishikiliwa na kitambaa chembamba kisicho na kipande cha kukazia ndani, hung'oka na kuacha tundu. Pindua kifuniko uangalie.

Velkro huchoka kwa sababu ya uchafu zaidi kuliko kwa kutumika. Nyuzi na nywele hujaa kwenye upande wa ndoana ngumu. Zitoe kwa ncha ya sindano au mswaki mkavu na itashika tena. Kama upande laini umekuwa kama pamba iliyochambuliwa, hapo hakuna la kufanya ila kubadilisha.

Zipu inafaa kwa anayebeba pesa na kitambulisho safarini, hasa ikiwa chini ya kifuniko. Iwe ya plastiki. Ya chuma juu ya paja hukwaruza meza na viti.

Kitambaa gani ni bora?

Inategemea joto na kazi. Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa mita mraba, na wauzaji makini huuandika.

Pamba yenye mistari ya mshazari, ile inayotumika pia kwa kadeti na jinzi, yenye gramu 240 hadi 300, ndiyo kago ya kawaida. Inabeba mfuko bila kuning'inia. Chini ya gramu 200 mfuko wenye kitu huvuta mguu mzima na suruali hupoteza umbo ndani ya wiki chache.

Ripstopu ni ile yenye miraba midogo. Kila baada ya milimita chache kuna uzi mnene au nyuzi zilizounganishwa, kwa urefu na kwa upana. Ikitoboka, mpasuko unafika kwenye uzi mnene na kusimama. Kwa kuwa uimara wake unatoka kwenye huo mpangilio, inaweza kuwa nyepesi, gramu 200 hadi 220, na bado ikabeba. Kwa sehemu zenye joto hiyo ndiyo chaguo letu.

Mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35 haukunjamani sana, hukauka haraka na rangi hukaa. Kasoro yake ni kushika jasho na harufu. Elasteni, yaani nyuzi zinazovutika, ya asilimia 2 hadi 3 inasaidia kuchuchumaa. Ikizidi hapo kwenye kago pana haina kazi, maana upana wenyewe ndio unaokupa nafasi.

Kama lebo imetoka na hujui kitambaa ni nini, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye upindo wa ndani, zishike kwa koleo juu ya sahani ya chuma na uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuwa kijidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili.

Kwa nini mifuko yangu imevimba hata ikiwa mitupu?

Sababu kubwa ni tatu. Kwanza, ilijazwa kupita kiasi kwa muda mrefu na kitambaa kimetanuka. Pili, suruali imerudi kwenye maji, yaani imepungua ilipofuliwa, zaidi kuliko mfuko, au kinyume chake, kwa sababu vipande vilikatwa kutoka vitambaa tofauti. Tatu, ukuta wa mfuko haukushonewa ukingoni, kwa hiyo hakuna mkunjo unaouelekeza urudi ndani.

Ya kwanza hutibika kwa pasi yenye mvuke. Lowesha mfuko kwa kitambaa chenye maji, kunja ukuta uingie ndani kama ulivyokuwa mpya, bana kwa pini, piga pasi ya moto wa pamba, na uache upoe kabisa kabla ya kutoa pini. Kuacha upoe ndiyo nusu ya kazi.

Ya tatu hutibika kwa cherehani: piga mshono milimita 2 kutoka kwenye ukingo wa nje wa ukuta, kuanzia juu hadi chini. Ukitaka mfuko utulie zaidi, shona sentimita 1 kwenye pembe ya juu ya nyuma ili ukuta ubanwe pale. Utapoteza nafasi kidogo, lakini mfuko hautainuka tena. Ya pili haina tiba ya maana.

Nifueje bila kuiharibu?

Toa kila kitu mifukoni, kisha pindua mifuko ya mbele nje na ingiza kidole kwenye pembe za chini za mifuko ya pajani. Humo hukaa mchanga na vumbi, na mchanga ukilowa husaga nyuzi za pembe kila unapofua. Matundu mengi yanayoanzia chini ya mfuko chanzo chake ni hicho.

Funga zipu zote na velkro zote. Velkro iliyo wazi itashika nguo nyingine na kuitoa nyuzi. Geuza suruali ndani nje, kwa sababu kingo za vifuniko ndizo hupauka kwanza zikisuguana. Maji ya nyuzi joto 30 yanatosha. Dawa ya kung'arisha yenye klorini usiitumie kwenye rangi yoyote isipokuwa nyeupe, na usiitumie kabisa kwenye yenye elasteni.

Anika kivulini ikiwa bado imegeuzwa, ukiishika kwa pindo za miguu huku kiuno kikiwa chini. Uzito wa kiuno utanyoosha miguu na utapunguza kazi ya pasi. Acha vifuniko wazi. Mfuko una kitambaa mara mbili au tatu, kwa hiyo hukauka mwisho. Ukiikunja suruali kwa kuwa mguu umekauka, mfuko utanuka.

Pasi inaanzia kwenye mfuko: kifuniko kikiwa wazi, piga ukuta, kisha uso wa mfuko, kisha kifuniko, ndipo mguu. Ukianza na mguu, alama za mfuko zitachapwa juu yake.

Itarudi kwenye maji?

Pamba isiyotibiwa kiwandani inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5. Kwenye mguu wa sentimita 80 hiyo ni sentimita 2.4 hadi 4, inayotosha kubadilisha suruali iliyogusa kiatu ikawa inayoonyesha soksi. Ifue mara moja kabla ya kuipeleka kwa fundi kufupishwa.

Naweza kuifupisha kiasi gani?

Hadi sentimita 6 bila wasiwasi. Ukizidi 8, mfuko unaonekana umeshuka, kwa sababu sehemu ya mguu iliyobaki chini yake ni fupi. Kama ina mikunjo ya kupinda goti, hiyo haisogei, kwa kuwa mwili wako haujabadilika. Ila kama mikunjo hiyo imekaa kwenye ugoko wako badala ya goti, suruali hiyo ilikatwa kwa mtu mrefu kuliko wewe. Iache.

Vaa na viatu utakavyovitumia, weka alama ya chaki pale unapotaka iishie, halafu kata sentimita 3.5 chini ya alama. Kunja sentimita 1, kisha 2.5, piga pasi, shona kwa hatua (urefu wa kila mchomo wa uzi) ya milimita 3. Kama chini kuna kamba ya kubana, fumua njia ya kamba kwanza, toboa matundu mapya mawili upande wa nje wa mguu kwenye kipande kitakachokuwa upindo, yakazie kwa uzi au pete, ndipo ukunje na kupitisha kamba.

Mfuko umechanika pembeni juu. Nishone vipi?

Hapo ndipo mkono huvuta kila siku. Kushona juu ya mpasuko peke yake hakusaidii. Kitambaa cha mguu chini yake ndicho kilichochoka.

Fumua sentimita 3 za mshono kila upande wa pembe. Kata kiraka cha pamba ngumu cha sentimita 4 kwa 4, zungusha pembe zake kidogo zisivute, kiweke ndani ya mguu nyuma ya pembe hiyo. Shona kiraka kuzunguka, kisha rudisha mfuko mahali pake ukishona kupitia mguu na kiraka pamoja. Malizia kwa zigizaga nzito: urefu wa sentimita 1, upana milimita 2, hatua zilizobanana karibu kugusana. Tumia sindano namba 90 au 100 na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba huoza mapema kwa jasho.

Msamba ukichanika, fuata kanuni hiyohiyo, ila kiraka kizidi tundu kwa sentimita 2 kila upande na kikatwe kwa mshazari ili kinyumbuke. Usisubiri litoboke kabisa. Inua kitambaa uelekee kwenye mwanga: ukiona nyuzi za upande mmoja tu, weka kiraka leo.

Nataka kuongeza mifuko ya pajani kwenye suruali niliyo nayo. Inawezekana?

Inawezekana, na matokeo ni mazuri kama suruali ina nafasi ya paja tuliyoitaja. Vipimo vifuatavyo ni vya mfuko wa kutanuka wenye upana wa sentimita 18, kina 20 na ukuta wa 3.

Kwa mifuko miwili kata:

- nyuso 2: sentimita 20 kwa 24
- kuta 2: sentimita 5 kwa 64
- vifuniko, vipande 4: sentimita 21 kwa 8.5

Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kinatosha urefu wa 35. Kifue kwanza.

Unganisha vipande viwili vya kifuniko uso kwa uso, yaani pande za nje za kitambaa zikitazamana, shona pande tatu sentimita 1 kutoka ukingoni, punguza pembe, pindua, piga pasi, kisha piga mshono wa juu, ule unaoonekana kwa nje, milimita 6 kutoka ukingoni. Toboa matundu mawili ya vifungo.

Shona ukuta kwenye uso wa mfuko, uso kwa uso, ukizunguka pande mbili na chini. Ukifika pembeni, acha sindano ndani ya kitambaa, kata ukuta milimita 8 kuelekea sindano, ndipo ugeuke. Ukata huo ndio unaoufanya ukuta upinde bila kukusanyika. Pindua, piga mshono milimita 2 ukingoni. Kwenye mdomo wa mfuko kunja sentimita 1 kisha 2, ukuta ukiwemo, na ushone. Ukingo wa ukuta uliobaki ukunje sentimita 1 kuelekea ndani na uupige pasi.

Sasa sehemu ambayo wengi hukwama. Mguu uliofungwa ni kama bomba, na cherehani haiwezi kuingia hadi pajani. Fumua mshono wa ndani, si wa ubavuni, kutoka chini hadi karibu na msamba. Mguu utalala bapa na mshono wa ubavuni utabaki katikati, mahali hasa mfuko unapokaa. Chora kwa chaki mstatili wa 18 kwa 20, weka ukuta juu ya mistari, shona milimita 2 kutoka ukingoni. Kazia pembe za juu kwa zigizaga, na kiraka nyuma.

Kifuniko kiweke kikitazama juu, uso wake ukigusa mguu, mstari wa mshono ukiwa sentimita 1.5 juu ya mdomo wa mfuko. Shona, punguza ukingo ubaki milimita 5, kilaze chini na upige mshono wa juu milimita 7 kuufunika. Kina upana wa 19, kwa hiyo kitazidi mfuko nusu sentimita kila upande. Weka vifungo, funga mshono wa ndani, pitisha ovaloki (mshono wa kuzuia kingo zisichambuke).

Kabla ya kushona mfuko wa pili, vaa suruali ukiwa umeubana kwa pini. Mifuko miwili inayopishana hata kwa sentimita 1 huonekana kutoka mbali.

Lastiki ya kifundo cha mguu inaacha alama. Nifanyeje?

Ibadilishe. Pima kifundo, tuseme ni sentimita 24. Lastiki ya upana wa sentimita 2 ikatwe 25: 23 za kuzunguka na 2 za kupandishana. Kabla ya kuishona ivute, uhakikishe inapita kwenye kisigino. Fumua sentimita 4 tu za njia yake, funga mpya kwenye mwisho wa ya zamani kwa pini, na uvute ya zamani itoke. Mpya itaingia yenyewe.

Naweza kuvaa kago yenye mabaka ya kijeshi nikisafiri?

Angalia sheria ya unakokwenda kwanza. Uganda, Zambia, Zimbabwe, Jamaika, Barbados, na Trinidad na Tobago ni kati ya nchi zinazokataza raia kuvaa nguo za mabaka ya kijeshi, na katazo huwagusa wageni pia, hata watoto. Kijani kibichi tupu, kahawia au nyeusi isiyo na mabaka haina shida hiyo, ingawa kijani chenye fulana na buti vya rangi hiyohiyo ni afadhali kukivunja kwa shati la rangi nyingine.

Nivae na nini juu?

Kitu kifupi au cha kuchomekea. Shati linaloshuka hadi kwenye vifuniko vya mifuko hufupisha miguu na kufanya kiwiliwili kionekane kama gunia. Liishie kati ya kiuno na nyonga. Kwa mguu wa sentimita 46 na kuendelea, vaa kiatu chenye soli nene, maana chembamba hupotea chini ya kitambaa na pindo linaanza kuburuzika na kuchanika kisigino.